Mafuta Yalijaa Upesi Mno

Siku niliyoleta gari nyumbani, baba yangu alilizunguka lote. Aliinama akachungulia uvunguni, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akasimama ubavuni na kuuliza, "Tangi lake liko wapi?"

"Huku kushoto, baba."

"Na hiki kifuniko cha kulia?"

"Hapo ndipo pa kuchomeka waya wa umeme. Ni haibridi. Ukilichaji linatembea kwa umeme, chaji ikiisha linahamia kwenye mafuta."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo linakula huku na huku. Basi hili si gari, binti yangu. Hili ni ndumilakuwili."

Jina likaganda. Mpaka leo hakuna mtu nyumbani kwetu anayeliita kwa jina lililoandikwa nyuma yake.

Baba alikuwa na haki ya kulitilia shaka. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kituo cha mafuta, kaushika mkono wa pampu. Alianza kama mjazaji wa kawaida, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, na hata akiwa msimamizi aliondoka ofisini kwenda kujaza mwenyewe. Wenzake walimwita Tone, kwa sababu hakuurudisha mkono wa pampu mahali pake kabla ya kuutikisa mdomoni mwa tangi, hadi tone la mwisho lidondoke. Marehemu mama alizifua sare zake kwa maji ya moto na sabuni ya mche, lakini harufu ya petroli haikutoka. Mimi na kaka zangu tulikua tukiamini kwamba kila baba duniani hunukia hivyo.

Alipostaafu, kituo kiliuzwa. Wakaja watu wakang'oa pampu, wakafukua matangi ya ardhini, wakasimamisha nguzo nyeupe za kuchajia magari ya umeme. Baba hakwenda kutazama. Akienda sokoni alizungukia mtaa wa nyuma ili asipite pale, kama mtu anayekwepa kaburi bichi.

Mimi ni mfamasia. Nashinda dukani nikisoma miandiko ya madaktari, na tangu mama alipofariki naishi na baba katika nyumba ileile tulimozaliwa. Mwanzoni gari tulilichaji nyumbani, waya ukipita dirisha la jikoni. Asubuhi moja nilichomeka gari huku birika la umeme linachemka na pasi ina moto. Pa! Nyumba nzima ikazima. Plagi ya jikoni ikabaki nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria, na fundi umeme akaniambia kwenye simu kwamba nimsubiri hadi wiki ijayo.

"Baba, nakuomba," nilisema, nikiwa tayari nimevaa viatu vya kazini. "Mimi nitakwenda kwa miguu. Wewe lipeleke gari likachajiwe. Kituo cha karibu ni kile... unakijua."

"Nakijua," alisema. "Lakini lina mafuta hilo. Si litumie mafuta tu?"

"Kama ni kulilisha mafuta, nililinunua la nini?"

Alizichukua funguo kwa uso wa mgonjwa anayepewa dawa chungu.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye, na mtu mwingine akanijazia palipopelea, kwa hiyo nayasimulia kana kwamba nilikuwapo.

Aliingia kituoni taratibu. Paa lilikuwa lilelile, ila limepakwa rangi mpya. Sakafuni, pale palipokuwa na pampu ya pili, saruji ilikuwa imezibwa kiraka, na kando ya kiraka lilibaki doa la mafuta ya zamani ambalo wapiga rangi hawakuliweza. Akaegesha juu ya doa hilo bila kujua kwamba amelichagua. Akashuka, akautoa waya kwenye nguzo. Ulikuwa mzito, mnene kama mkono wa mtoto. Akauchomeka. Taa ya kijani ikawaka. Basi. Hakuna kubonyeza, hakuna tarakimu za kukimbia, hakuna harufu. Yeye akabaki ameushika, mgongo kaukunja kidogo, macho kayaelekeza kwenye tundu, kama alivyosimama maisha yake yote.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi ndani ya kigari cha umeme cha rangi ya maziwa, upande wa pili wa nguzo. Akateremsha kioo.

"Huo hauhitaji kushikwa, Tone. Unajaza wenyewe."

Baba akauachia waya. Tangu astaafu watu walimwita mzee, walimwita baba, walimwita babu. Hakuna aliyemwita Tone. Akageuka. Akaona mwanamke mtu mzima, mvi zimesukwa vizuri, miwani minene, na tabasamu lenye pengo dogo mbele.

"Dada Mikate," alisema.

"Dada alikuwa zamani. Sasa ni Bi Mikate."

Katika siku za ujana wa baba, kabla hajamjua mama, mwanamke huyu aliendesha gari la kusambazia mikate. Wakati huo mwanamke kuendesha gari kubwa lilikuwa jambo la watu kugeuza shingo. Alikuja kituoni kila asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa, unga umemganda hadi kwenye viwiko. Akifungua mlango, harufu ya mkate wa moto ilitoka nje na kuisukuma harufu ya petroli hadi ng'ambo ya barabara. Ndivyo baba alivyosema, na baba si mtu wa maneno mengi.

Alipomwona anaingia, baba aliwaacha wateja wengine mikononi mwa wenzake. Aliibonyeza pampu nusunusu ili mafuta yaende polepole. Aliosha kioo cha mbele. Kikiisha, akaosha vioo vya pembeni, na taa, na kibao cha namba. Wenzake wakamtania, "Tone, leo huoshi na injini?" Na yeye Dada Mikate alikaa pale mlangoni, mguu mmoja nje, akimpa mkate mdogo uliofungwa kwa karatasi, akisema, "Huu umeungua pembeni, hauuziki." Kila siku mkate mmoja uliungua pembeni.

Lakini ungefanya ujanja gani? Tangi lilikuwa tangi. Hata ukilibembeleza, lilijaa. Nyuma magari mengine yanapiga honi. Akafunga kifuniko, akasema, "Safari njema," naye dada akajibu, "Ahsante, kaka," na gari likaondoka. Neno alilotaka kulisema lilihitaji muda kidogo zaidi ya hapo. Kila siku lilifika kooni wakati pampu inakata.

Kisha mwenye kiwanda cha mikate akakihamishia mji mwingine, na madereva wake wakahama nacho.

"Unakumbuka siku ya mwisho uliniambia nini?" Bi Mikate alimuuliza asubuhi ile, wakiwa wamesimama kati ya magari yao mawili.

Baba akatazama chini.

"Nilikwambia nahama," mwanamke akaendelea. "Nikakwambia kesho siji tena. Ukanitazama. Ukafungua mdomo. Nikasema moyoni, leo leo! Ukasema, 'Dada, tairi la nyuma limepungua upepo.'"

"Lilikuwa limepungua kweli."

"Najua! Nilisimama njiani nikalijaza huku nalia. Nikasema, mwanaume gani huyu!"

Wakacheka wote wawili, mpaka mtu aliyekuwa anachaji kwenye nguzo ya mwisho akageuka kuwatazama. Wakaketi ndani ya kigari cha rangi ya maziwa, milango wazi, na kuulizana habari za miaka yote ile. Aliolewa huko alikohamia, akazaa, akalea, akafiwa na mume. Mwanawe wa kiume alifanya kazi katika mji wetu akamwomba aje akae naye, na kwa kuwa mama yake alikataa kata kata kukaa bila usukani, akamnunulia kigari hicho. Baba akaeleza yake. Chaji ile ilichukua muda wa kuiva maharage makavu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyewapigia honi.

Mimi sikujua lolote. Nilichokiona ni kwamba baba, aliyetoka nyumbani amenuna, alirudi akipiga mluzi. Kesho yake akanyoa ndevu. Keshokutwa akauliza kama nina mafuta mazuri ya kupaka. Fundi umeme alipokuja na kubadilisha plagi ya jikoni, nikamwambia baba asisumbuke tena, gari litachajiwa hapa hapa.

"Umeme wa jikoni dhaifu," alisema.

"Dhaifu vipi? Umeme ni uleule."

"Hauna nguvu. Unaingia gari linachoka."

Nikadhani ni uzee. Halafu benchi la barazani likapotea. Lilikuwa benchi la mbao alilolitengeneza kaka yangu mkubwa akiwa shuleni, limepinda mguu mmoja. Nikauliza majirani, nikamuuliza na mama wa mboga aliyepita kila siku. Hakuna aliyeliona. Baba akasema, "Mwizi wa benchi! Dunia imekwisha." Akaingia ndani upesi.

Mchana mmoja nilitumwa ghala la dawa, na gari la duka likapita mbele ya kituo kile. Nikaliona benchi letu. Lilikuwa limewekwa kwenye kivuli cha paa, kati ya nguzo mbili, kipande cha tofali chini ya mguu uliopinda. Juu yake aliketi baba, na kando yake mwanamke nisiyemjua, chupa ya chai katikati yao. Baba alikuwa anaonyesha kitu kwa mikono yote miwili, jinsi anavyofanya akisimulia, na yule mwanamke kaangusha kichwa nyuma kwa kicheko. Ndumilakuwili alikuwa amechomekwa waya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemchaji asubuhi hadi akajaa.

Sikumwambia dereva asimame. Nilitazama mbele hadi ghalani. Nitasema kweli: mwiba ulinichoma. Nilimwona mama ameinama juu ya beseni, anasugua kola ya sare, anainusa, anasugua tena. Nikajiuliza ni kwa ajili ya nani alikuwa akisugua.

Jioni nilimwandalia baba chakula, nikakaa mbele yake bila kula.

"Benchi nimeliona," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Nilitaka kulirudisha."

"Ni nani yule?"

Akanisimulia. Alianza na pampu na mikate iliyoungua pembeni, akafika kwenye tairi, na akasimulia yote bila kunificha, macho yake kwenye sahani. Alipomaliza, nikauliza swali moja tu.

"Na mama?"

Baba aliinua uso. "Mama yako nilimposa siku ya ngapi tangu nimwone?"

Hadithi hiyo tuliijua wote, mama aliirudia kila tulipokuwa na wageni. Alikuwa ameketi kwenye cherehani mbele ya duka la mjomba wake. Kijana aliyevaa sare ya kituo cha mafuta akaja kushonewa mfuko uliochanika. Kesho yake akaja tena, mfuko mzima, akasimama mbele ya cherehani na kusema, "Mimi nataka kukuoa. Kama hutaki niambie sasa hivi, lakini mimi nimesema." Mama alidhani amelewa. Akamwita mjomba wake. Mjomba akamnusa, akasema, "Hajalewa, ananuka petroli tu." Hapo mama alikuwa akicheka hadi machozi, kila mara.

"Siku ya pili," nilisema.

"Siku ya pili," baba akasema. "Unadhani ujasiri ule niliupata wapi? Nilikuwa nimeshapoteza mtu kwa kunyamaza. Nilipomwona mama yako nilijiambia, Tone, safari hii ukitaja tairi utakufa na kihoro. Mama yako sikumpata kwa kubahatisha, mwanangu. Na sikumfananisha na mtu, hata siku moja."

Nilivuta sahani yangu, nikala. Chakula kilikuwa kimepoa. Nilikuwa nafikiri kwamba bila ule upepo wa tairi mimi nisingezaliwa, na sikujua nimshukuru nani.

"Benchi liache huko huko," nilimwambia. "Hapa nani anakalia?"

Ikawa hivyo kwa miezi kadhaa. Baba aliondoka asubuhi na chupa ya chai, akarudi gari limejaa chaji ambayo halikuihitaji. Petroli iliyokuwa tangini ilikaa hadi nikaanza kuihofia itaharibika.

Halafu Bi Mikate akaacha kuja.

Siku ya kwanza baba alisema labda ana wageni. Siku iliyofuata akasema labda mafua. Baada ya hapo alitoka na kurudi tu, na chai ilirudi haijaguswa. Nikamwambia ampigie simu.

"Sina namba yake."

"Baba! Miezi yote hiyo?"

"Tulikuwa tunaonana. Namba ya kazi gani?"

Nilitaka kumkaripia, nikaona jinsi alivyokuwa ameishika chupa, nikaacha.

Asubuhi moja kigari cha rangi ya maziwa kikaingia kituoni. Baba akasimama kwenye benchi, akanyoosha shati. Akashuka mwanaume wa makamo, amevaa tai. Akauchomeka waya, akaanza kusoma simu yake. Baba alisimama pale, aliniambia, miguu ikimwambia aende na ulimi ukimwambia akae.

"Shikamoo, mzee," yule mwanaume akasema, alipomwona anamkodolea macho.

"Marahaba. Samahani, bwana. Mwenye gari hili... hajambo?"

Mwanaume akamtazama vizuri. "Wewe ndiye Bwana Tone?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mwanawe. Mama hajambo, ila macho. Ana presha ya macho, daktari amesema pembeni haoni tena. Alikwangua nguzo ya geti, akasema nguzo ndiyo iliyosogea. Tumemkataza kuendesha." Akapumua. "Tangu siku hiyo amekaa kibarazani amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Hataki hata kutembezwa. Mimi nalichaji gari mara ya mwisho, kuna mnunuzi atakuja kulitazama. Alisema nikikukuta hapa nikupe salamu zake."

Mtu mwingine angejibu, nawe mfikishie zangu. Baba mwenyewe alikiri kwamba neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, limekaa vizuri, halina gharama. Akalimeza.

"Salamu sitaki kuzituma," alisema. "Nataka kuzileta mwenyewe. Unaniruhusu nije nyumbani kwenu?"

Yule mwanaume akatabasamu. "Njoo Jumamosi. Mimi nitakuwapo. Lakini nakutahadharisha, ana hasira."

"Hasira zake nazijua," baba akasema, ingawa alikuwa hajaziona hata mara moja.

Jumamosi alinitaka niende naye. "Mtu mzima haendi kwa watu peke yake kama mwizi wa kuku," alisema. Nikampigia pasi shati la mikono mirefu. Akalivua, akavaa jingine, akarudia lile la kwanza. Tukaondoka na kikapu cha matunda, Ndumilakuwili akitembea kwa umeme, kimya kabisa, mawe madogo yakisikika chini ya matairi.

Kimya hicho ndicho kilichotuingiza hadi uani bila Bi Mikate kusikia. Aliketi kibarazani, mgongo ametugeuzia, anatazama ukuta. Mwanawe alituona kutoka dirishani, akanyamaza kwa makusudi. Baba akashuka, akasimama nyuma yake.

"Nimekuja kukuchukua," alisema. "Unataka kwenda wapi?"

Bi Mikate hakugeuka. Mabega yake tu yalisogea. "Nani amekwambia nataka kwenda mahali?"

"Dereva hakai kitako akitazama ukuta."

"Mimi si dereva tena. Waulize hawa."

"Macho ndiyo yamestaafu. Njia unazijua. Mimi nina macho, njia sizijui. Panda tusaidiane."

Bi Mikate akauliza, bado hajageuka, "Nani huyo mwingine? Nasikia viatu vya kike."

"Binti yangu."

Hapo akageuka. Akanitazama uso mzima, akisogeza kichwa huku na huku ili nifike katikati ya macho yake, akanishika mkono. "Una paji la baba yako," alisema. "Pole." Na sote tukacheka, hata mwanawe dirishani.

Alitaka kwenda kilipokuwa kiwanda cha mikate. Akaketi mbele na baba, mimi nikakaa nyuma kama mtoto anayepelekwa shule. Jamani, abiria yule! "Punguza. Ingia kushoto. Kushoto, si huko! Mbona unaing'ang'ania breki kama unaidai?" Baba, ambaye mimi nikimkosoa jinsi ya kugeuza gari hununa siku nzima, alijibu "sawa" na "haya" mji mzima. Na kweli njia alizijua. Alisema, "Sasa kuna kona yenye mteremko," na kona ikaja. Alisema, "Hapa kulikuwa na fundi viatu aliyenipungia mkono," na hapakuwa na fundi viatu, palikuwa na benki, lakini yeye akapunga.

Kiwanda kilikuwa kimegeuka duka la magodoro. Jengo lilikuwa lilelile, dohani ya tanuri bado imesimama juu ya bati. Tuliingia. Bi Mikate akatembea katikati ya magodoro akigusa ukuta. "Tanuri lilikuwa hapa. Hapa meza ya kukandia. Hapa mlango wa kupakilia, nilikuwa narudisha gari kinyumenyume hadi hapa, bila kioo, kwa kusikia tu wapakiaji wakipiga makofi." Baba akamfuata nyuma, mikono mgongoni, akitazama kila alipoonyesha. Alimpenda mwanamke huyu pale kituoni tu. Hakuwahi kuona mahali ile mikate ilipotoka.

Muuzaji akatujia, mwanamke mchangamfu mwenye kipimo cha futi shingoni. "Karibuni, wazee wangu. Mnataka godoro la ukubwa gani? La watu wawili, sivyo? Jilazeni hapa mlijaribu, msione haya, kila mtu anajaribu!"

Sijawahi kumwona baba akitafuta mlango kwa bidii namna ile. Bi Mikate alianza kucheka polepole, akaketi kwenye godoro, akacheka huku anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "La watu wawili!" alisema. "Tone, mwambie. Muulize kama lina upepo wa kutosha!" Muuzaji naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Wakati wa kurudi, chaji iliisha njiani. Gari lilikuwa kimya, mara injini ikaamka mbele yetu kwa mngurumo mdogo wa petroli. Bi Mikate akanyanyua kidole.

"Sikiliza," alisema.

Baba akapunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara. Hakuzima gari. Tulikaa hivyo, tukiisikiliza. Injini ilitetemesha viti kidogo. Niliona mkono wa baba kwenye gia, na mkono wa Bi Mikate ukaja juu yake, ukakaa. Mimi nikatazama dirishani, nikahesabu nyaya za umeme.

Watu hutuuliza kama walioana. Hapana. Bi Mikate alisema umri wake hauruhusu kuanza upya kufua suruali za mwanaume, na baba akasema ameshazoea kulala katikati ya kitanda. Kigari cha rangi ya maziwa hakikuuzwa, mwanawe alibadili mawazo. Baba ndiye anayekiendesha sasa, na Ndumilakuwili hatimaye amerudi kwangu. Asubuhi baba humfuata Bi Mikate, wanazunguka mji mpaka chaji inapungua, kisha wanakwenda kuongeza. Kila mtu analala kwake.

Jumapili Bi Mikate huja kwetu. Juzi tuliketi wawili jikoni, mimi na yeye, tukitoa mbaazi kwenye maganda. Baba alikuwa chumba cha pili na redio. Bi Mikate hufanya kazi hiyo bila kutazama, vidole vyake vinajua. Kati ya ganda na ganda akaniambia, "Baba yako ameniambia habari zake zote. Lakini mwanaume akisimulia habari za mkewe husimulia nusu. Nieleze wewe. Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu tumzike. Watu husema pole, husema alikuwa mtu mwema, wakapita. Nilitafuta pa kuanzia. Nikamwambia kwamba mama alikuwa anaimba akishona, nyimbo za kanisa na za harusi bila kuchagua, na cherehani ikienda kasi naye anaimba kasi, ikisimama anasimama, hata kama ni katikati ya neno.

Bi Mikate akacheka. "Endelea," alisema.

Huko chumba cha pili, redio ikapunguzwa sauti. Nikaendelea.